Mateka, Raia na Rehani: Istilahi za Sheria za Vita

Mfasiri anayeketi kufasiri Mikataba minne ya Geneva ya tarehe 12 Agosti, 1949, hukwama mapema kuliko alivyotazamia. Hakwamishwi na majina ya silaha wala vyeo vya kijeshi, kwani kwa hayo lugha yetu imekwisha kujipatia maneno, mengine ya kukopa na mengine ya kubuni. Hukwamishwa na maneno mawili ambayo kila mtoto wa shule anayajua: mateka na raia. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo, jinsi yanavyotumiwa magazetini, redioni na hata katika nyaraka za ofisi, yanafuta mipaka ile ile ambayo sheria za vita zimejengwa juu yake.

Tuanze na mateka. Kwa mujibu wa Mkataba wa Tatu, askari aliyekamatwa vitani ana hadhi yake. Kumshika si kosa, na aliyemshika analazimika kumlisha, kumtibu, kumkinga na matusi na macho ya watu, na kumrudisha kwao bila kukawia mapigano yanapokoma. Lakini kumshika mtu ili kuilazimisha serikali yake au jamaa zake watende jambo fulani ni tendo lililokatazwa kabisa na kifungu cha 34 cha Mkataba wa Nne. La kwanza ni halali, la pili ni uhalifu. Sisi yote mawili tunayaita kuchukua mateka.

Hili si shauri la kinadharia. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia eneo la kaskazini mwa mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yaliua watu, yalipora ng'ombe, na kuwachukua wanavijiji kwa nguvu hadi Uganda. Miezi michache baadaye Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likiwa ndani ya Uganda, lilikamata askari wa Amin pamoja na baadhi ya askari wa Libya ambao Muammar Gaddafi aliwatuma kumwokoa mshirika wake. Mwanakijiji aliyeburutwa kutoka shambani na askari aliyesalimisha bunduki yake wote huitwa mateka. Mwanafunzi anayesoma kwamba mateka walirudishwa hawezi kujua kama serikali fulani ilitimiza wajibu wake au ilikomesha uovu wake.

Wako waliotaka kuondoa utata huu kwa kusema mfungwa wa vita. Hatukubaliani nao. Katika Kiswahili mfungwa ni mtu aliyehukumiwa, na sheria ya vita inasisitiza kwamba askari hahukumiwi kwa sababu tu alipigana. Ukimwita mfungwa umekwisha kumpa kosa. Mateka wa vita ni bora, maana neno mateka limetokana na kuteka, na linataja bahati ya vita bila kutaja hatia. Ni kweli kwamba katika kamusi za zamani mateka yalikuwa pia ngawira, yaani mali iliyotekwa pamoja na watu. Lakini maana hiyo imefifia, na hatuoni sababu ya kuiogopa.

Kwa yule wa pili tunapendekeza neno ambalo tayari limo kinywani mwa kila mwenye deni: rehani. Waarabu humwita mtu wa namna hii kwa neno la mzizi huo huo, nasi tulipokea mzizi tukauacha katika biashara. Wala si kwamba rehani ya mtu ilikuwa jambo geni kwetu, kwani katika njaa za karne ya 19 watu wa pwani na bara yake waliwahi kuweka jamaa zao rehani ili wapate chakula. Tumekwisha kusikia pingamizi kwamba rehani huwekwa na mwenyewe kwa hiari, ilhali mtu huyu hunyakuliwa. Pingamizi hili lina uzito, na kwa sababu hiyo hatusemi aliyewekwa rehani bali aliyeshikwa rehani. Kitenzi kinaeleza nguvu iliyotumika, na nomino inaeleza shabaha ya tendo, yaani sharti linalodaiwa. Kuteka nyara kubaki na maana yake ya kumchukua mtu au chombo kwa nguvu, ambayo haihitaji sharti lolote.

Neno raia lina matatizo makubwa zaidi, na yamejificha zaidi. Lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kundi linalochungwa, na kwa muda mrefu raia walikuwa watu wa chini ya mtawala. Uhuru ulilipandisha hadhi, raia akawa mwananchi mwenye haki na hati. Wakati huo huo liliendelea kutumika kumtaja mtu yeyote asiye askari. Katika siasa za nyumbani maana hizi mbili hukaa pamoja bila ugomvi. Katika Mkataba wa Nne zinagombana, kwa kuwa kifungu cha 4 kinawalinda hasa watu walio mikononi mwa dola ambayo wao si raia wake! Mfasiri anayeandika kwamba jeshi liwalinde raia ameandika sentensi ambayo askari anaweza kuitii kwa kuwalinda watu wa nchi yake peke yao.

Hatudai kwamba neno ndilo lililofanya maovu ya vita vile. Mji wa Mutukula ulipotwaliwa Januari 1979, wanajeshi wa Tanzania waliubomoa, na watu wasio na silaha waliuawa. Habari zilipomfikia Rais Nyerere, aliagiza kwamba watu na mali zao wasidhuriwe tena. Hata hivyo Masaka nayo iliharibiwa sana baada ya hapo. Mtu mwenye bunduki anamjua mtu asiye na bunduki kwa lugha yoyote. Lakini amri ya kiongozi hupita katika ngazi nyingi kabla ya kufika kwa askari wa mwisho, na katika kila ngazi husemwa upya. Amri ya namna hiyo inahitaji neno lisilopungua maana likiwa njiani.

Neno gani basi? Itifaki ya Kwanza ya 1977, ambayo Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1983, inamweleza mtu huyu kwa kukanusha: ni yule asiyekuwamo katika majeshi, na penye shaka ahesabiwe hivyo. Tunaona tufuate njia hiyo hiyo tuseme asiye mwanajeshi, wingi wasio wanajeshi. Si neno zuri masikioni, tunakiri. Asiye mpiganaji lingependeza zaidi, lakini linakosea, kwa kuwa daktari wa jeshi na padri wa jeshi si wapiganaji, nao wamo jeshini. Mgambo ndiye atakayelipima neno hili. Maelfu ya wanamgambo walikwenda vitani mwaka 1979. Kijijini mgambo ni raia kama jirani yake, anapalilia na kulipa michango. Akiisha kuingizwa katika kikosi, raia anabaki katika maana moja na anakoma katika nyingine. Asiye mwanajeshi halina shida hiyo, kwani mara moja linamwacha nje.

Yapo pia maneno ya wakubwa wenyewe. Tarehe 1 Novemba, 1978, Amin alitangaza kwamba mpaka wa Uganda sasa ni mto Kagera. Magazeti yetu yameandika kwamba aliteka, alitwaa, alinyakua, alikalia, kana kwamba ni visawe. Sheria haivioni hivyo. Kukalia ni hali ya muda, ambayo humpa mkaliaji mizigo mingi na haimpi umiliki. Kutwaa ni kudai umiliki, na azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1974 linalofafanua uchokozi lilikwisha kuhesabu utwaaji wa nguvu kuwa uchokozi. Kitenzi kukalia kinafaa sana hapa, kwa sababu aliyekalia kiti cha mwenziwe hajakinunua.

Katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika nako ugomvi ulikuwa kwa sehemu kubwa ugomvi wa maneno. Nyerere alitaka uvamizi ulaaniwe. Wenzake wengi wakataka usuluhishi. Kulaani kunamtaja mkosaji, lakini kusuluhisha kunadhani pana wagomvi wawili walio sawa. Ndiyo sababu Tanzania ilishikilia kwamba kulikuwa na vita viwili, vyake vya kumtoa mvamizi, na vya Waganda wenyewe dhidi ya Amin. Hoja hiyo ilipwaya kidogo baada ya majeshi ya Tanzania kuingia Kampala tarehe 11 Aprili, 1979, na katika mkutano wa Monrovia wa Julai mwaka huo viongozi wa Sudan na Nigeria waliilaumu Tanzania waziwazi kwa kuingilia nchi nyingine. Mwalimu anayefundisha habari hii asitumie kuvamia, kuingia na kuingilia kwa kubadilishana ili tu kupamba sentensi. Kila moja lilikuwa upande wa mtu.

Mahakama ya Kimataifa iliyoshughulikia mauaji ya Rwanda ilikaa Arusha tangu miaka ya 1990 hadi 2015, na mwaka 1998 ilimhukumu kifungo cha maisha Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu. Lugha zake za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Mauaji ya kimbari, neno lililochimbwa katika mbari, limeshika mizizi, ila hatujaona mengi mengine ya namna hiyo.

Tutashukuru kupokea maoni juu ya rehani na asiye mwanajeshi kabla hayajaingizwa katika orodha. Zaidi ya hayo tunawaomba askari na wanamgambo waliopigana mwaka 1979, ambao umri wao sasa ni mkubwa, watuandikie maneno waliyoyatumia wao kwa wao kumtaja adui aliyeinua mikono, na mwanakijiji waliyemkuta nyumbani kwake.