Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Uhakiki wa Filamu ya Carl Peters

Filamu, sawa na tamthilia, ina ploti, wahusika na dhamira. Makala haya yanahakiki Carl Peters, iliyoongozwa na Herbert Selpin na kutolewa Ujerumani mwaka 1941 chini ya udikteta wa Hitler. Sisi wa Mraru na Voi inatuhusu, kwani Kilimanjaro, alikotawala Peters, iko ng'ambo tu ya mpaka wa Taveta.

Kimaudhui, Peters anasawiriwa kama jasiri aliyewatafutia Wajerumani koloni kwa mikataba ya Usagara na kwingineko mwaka 1884. Ameigizwa na Hans Albers, kipenzi cha watazamaji wa siku zile. Safari za porini, hatari na ushindi zinaiteka hadhira.

Historia ina ushahidi mwingine. Huko Kilimanjaro, mwaka 1891 na 1892, Peters aliamuru mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodjo, aliyemweka kinyumba, wanyongwe. Wenyeji walimwita Mkono wa Damu. Serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897, lakini Hitler akamrudishia heshima mwaka 1937. Filamu inaufanya unyongaji uonekane kuwa haki na kuwachora wapinzani wake Wayahudi kama wasaliti.

Je, tuisifu kwa fani yake? Fani hapa ndiyo iliyobeba uongo. Kadiri taharuki inavyotukaza, ndivyo tunavyosahau kuwauliza walionyongwa.

Mtazame Ramasan, mtumishi mwaminifu. Ni mhusika bapa: kazi yake ni kumtii bwana. Aliyemwigiza, Mohamed Husen, alikuwa mzaliwa wa Dar es Salaam aliyewahi kusaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin. Mwaka huohuo wa 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani. Alifungwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944. Kejeli iliyoje! Dola iliyomtumia kuigiza uaminifu ndiyo iliyomwangamiza.

Mtahiniwa asiishie kuorodhesha sifa za mhusika mkuu. Ajiulize: nani anasimulia, kwa manufaa ya nani, na nani amenyimwa sauti? Nasi walimu tumtuze alama anayethubutu kuuliza hivyo, hata kama mwongozo haukutaja.