Udongo wa Njombe Haukuletwa na Upepo

Ukitoka Makambako kwenda Njombe, barabara ya Songea hupanda na kushuka migongo ya vilima, na kila palipochongwa ukingo ili lami ipite, ardhi imebaki wazi kuanzia mizizi ya nyasi hadi usawa wa magurudumu. Juu kuna ukanda mweusi wa mboji. Chini yake huanza wekundu, mahali pengine manjano yenye wekundu, ukishuka mita mbili, tatu, na zaidi, bila jiwe hata la kumrushia ndege shambani. Ukuta umesimama wima na masika hayakuuporomosha. Bonge lake ukilifikicha kwa vidole hupukutika likawa unga laini, na kiangazi unga huohuo huingia ndani ya basi ukatulia juu ya viti, mizigo na nyusi za abiria.

Mtu aliyejifunza udongo kwa vitabu vya Marekani au vya China akisimama mbele ya ukuta huo, neno litakalomjia kwanza ni loesi. Ana sababu nzuri ya kulifikiria. Hata hivyo amekosea, na njia ya kuligundua kosa hilo inastahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa kuwa mbolea, chokaa na uchaguzi wa mazao hutegemea jibu lake.

Loesi ni vumbi lililopeperushwa na upepo likatua. Enzi za barafu, huko Amerika Kaskazini, barafu nene ilisaga miamba ikawa unga, na Mississippi ikaushusha unga huo kusini. Maji yalipopungua na kuacha bonde likiwa kavu, upepo ukauinua na kuulaza juu ya vilima vya ng'ambo ya mashariki. Ndiyo maana tabaka lake ni nene karibu na bonde, na kadiri unavyouacha mto ndivyo linavyozidi kuwa jembamba. Katika vilima hivyo vya Tennessee na Mississippi kuna udongo maarufu uitwao Memphis, wenye kina kirefu, laini, usiotuamisha maji. Nchini China tabaka la loesi hupita mita 100 sehemu nyingi, na vizazi vya watu vimechimba nyumba za kuishi ndani yake, maana loesi ikikatwa wima husimama wima.

Chembe zinazotawala loesi ni tope: ndogo kuliko mchanga, kubwa kuliko mfinyanzi, kati ya maikroni 2 na 50 kwa kipimo cha Wamarekani. Kina, ulaini na uwezo wa kusimama wima vyote vipo Njombe. Kinachobaki kuulizwa ni kama ulaini huo ni wa tope kweli.

Jaribio la kwanza halihitaji maabara. Chota konzi ya udongo, ulowanishe, uukande kiganjani. Mwanzoni huteleza kama unga wa muhogo uliotiwa maji, na hapo ndipo wengi huandika "tope" kwenye daftari wakaendelea na safari. Usiache. Endelea kukanda kwa dakika kadhaa, ukiongeza maji kwa matone tu. Taratibu udongo hubadilika: huanza kunata, huvutika, hukubali kusokotwa kuwa kamba na kubanwa kuwa utepe mrefu. Mfinyanzi ulikuwamo tangu mwanzo, umejificha. Oksidi za chuma, zilezile zinazoutia wekundu, zimezigandisha chembe za mfinyanzi zikawa vijibonge vidogo mno, vya ukubwa wa tope au wa mchanga mwembamba, na vijibonge hivyo hudanganya vidole. Wataalamu huviita tope bandia na mchanga bandia. Loesi halisi unaweza kuikanda mpaka mkono uchoke isibadilike hivyo, maana tope lake ni vipande vya mwamba uliosagwa, wala hakuna kilichofungwa ndani yake.

Maabara hurudia kazi hiyohiyo kwa dawa na mashine. Sampuli hulowekwa kwenye heksametafosfeti ya sodiamu ili vifungo vilegee, hutikiswa, humiminwa kwenye silinda ya maji, kisha haidromita huonyesha ni kiasi gani bado kinaelea: kwa njia ya Bouyoucos, sekunde 40 kwa mchanga kuzama, saa 2 kwa tope. Kinachobaki juu ni mfinyanzi. Ikiwa dawa ni haba au mtikiso ni mfupi, vijibonge havivunjiki, huzama mapema, na karatasi ya majibu huandikwa tope jingi. Nikisoma ripoti ya udongo mwekundu wa nyanda hizi inayotaja tope kwa wingi, swali langu la kwanza ni sampuli ilitikiswa kwa muda gani. Namba huchapishwa kwa desimali moja zikapendeza, lakini desimali hiyo haisemi kama vijibonge vilivunjika.

Ushahidi wa pili umo ukutani penyewe, chini. Fuata ukingo mpaka pale udongo unapokutana na mwamba uliooza, ule ambao bado una mistari na madoa ya graniti au naisi ingawa sululu huingia bila mlio. Miamba ya huku ina umri wa zaidi ya miaka bilioni moja, na imekaa chini ya joto na mvua kwa muda mrefu kupita kiasi. Katika kingo za aina hii, kwenye nyanda nyingi za Afrika, mshipa mweupe wa kwatsi huonekana ukipanda ndani ya mwamba uliooza, ukiendelea kupanda bila kukatika. Vumbi la kigeni lisingeweza kuwa na mshipa uliounganika na mwamba wa chini. Kisha, mita moja au mbili kutoka juu, mshipa hupinda, huvunjika, na vipande vyake hutandazwa kuwa mstari wa mawe. Juu ya mstari huo udongo ni laini mtupu.

Hapo mtetezi wa upepo hupata nguvu mpya: tabaka laini lisilo na mawe, limekaa juu ya mawe, si limeletwa? Limeletwa, ndiyo, ila limetoka chini, na wachukuzi wake ni mchwa. Mchwa hubeba chembe inayoenea mdomoni mwake, jiwe hawezi. Kwa maelfu ya miaka hupandisha mfinyanzi na mchanga mwembamba kujenga vichuguu, mvua huvibomoa na kuvitandaza, na mawe yaliyoachwa huzama taratibu pamoja hadi yakajipanga mstari. P. H. Nye alilieleza jambo hili kwa vipimo miaka ya 1950 huko Ibadan, Nigeria. Kwangu ni mojawapo ya habari nzuri kuliko zote katika elimu ya udongo: kazi ambayo Mississippi ilihitaji barafu, mto na upepo, huku imefanywa na mdudu.

Upepo nao una sehemu yake Nyanda za Juu Kusini, ila tuutafute mahali pake. Ukielekea magharibi, Makete hadi uwanda wa Kitulo, unakaribia volkano za Rungwe. Mlipuko mkubwa wa Rungwe wa miaka takriban 4,000 iliyopita ulirusha pumisi na majivu mbali, na udongo uliozaliwa humo ni jamii nyingine kabisa: Andosoli, mweusi, mwepesi, usiozidi gramu 0.9 kwa sentimita moja ya ujazo. Kuutambua kuna jaribio la shambani ninalolipenda. Weka udongo kidogo juu ya karatasi iliyolowekwa fenolfthalini, dondoshea sodiamu floraidi, subiri. Floraidi huing'ang'ania alumini iliyo tayari kuungana, alkali huachiliwa, na karatasi hugeuka nyekundu. Chokaa nayo huweza kuigeuza, na vilevile alumini iliyoshikana na mboji, kwa hiyo rangi peke yake haitoshi kutoa hukumu. Hupimwa pamoja na uzito na uwezo wa kukamata fosfati. Kati ya udongo wa majivu na udongo wa miamba hakuna uzio. Mmoja hufifia na mwingine huanza.

Baada ya hayo ndipo jina hutolewa. Katika mfumo wa kimataifa, Feralisoli ni udongo ambao mfinyanzi wake umechakaa kiasi kwamba kilo yake haishiki hata sentimoli 16 za virutubisho vyenye chaji chanya, na mchanga wake ukihesabiwa chembe kwa chembe chini ya hadubini, zenye madini yanayoweza bado kuoza hazifiki 10 katika 100. Mfinyanzi ukiongezeka waziwazi kadiri unavyoshuka, uwezo huo ukiwa chini ya sentimoli 24, na alumini ikiwashinda kalsiamu na wenzake, jina ni Akrisoli. Vijibonge vikiwa na nyuso zinazong'aa, mfinyanzi usipungue asilimia 30, na tope likigawanywa kwa mfinyanzi lisifike 0.4, tumeingia Nitisoli, udongo mwekundu wenye heri zaidi. Udongo wa Memphis, kwa mfumo wa Marekani, ni Alfisoli wa tope laini: mfinyanzi kati ya asilimia 18 na 35, na akiba ya madini mabichi iliyosagwa juzi tu kwa saa ya dunia.

Tofauti hiyo mkulima huiona kwenye jani. Loesi huweka maji ambayo mmea unaweza kuyanywa. Udongo mwekundu wa mgongoni, ingawa ni mfinyanzi, hupitisha maji kama mchanga kwa sababu ya vile vijibonge, na mahindi ya Makambako hunyauka mapema mvua ikikatika Februari. Fosforasi ya mbolea hunaswa na chuma na alumini kabla mzizi haujaifikia. Kwa upande wa pili, uchachu wa udongo huu huifaa chai, na huyeyusha fosfati ya mwamba wa Minjingu ambayo kwenye udongo wa chokaa ingelala tu. Miwati ya Kampuni ya Tanganyika Wattle, iliyoanzishwa 1949, ilistahimili umaskini huu kwa kujitengenezea nitrojeni. Parachichi, linalooza mizizi mahali penye maji yaliyotuama, limepata hapa kina na upenyo unaolifaa. Anayeuita udongo huu wa tope ataleta ushauri wa Mississippi, na gharama yake itatoka mfukoni mwa mwenye shamba.

Jina la mgongo mmoja halitoshi. Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo katika kituo cha Amani, Usambara, alipendekeza mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki uchorwe kwa mnyororo, katena, kuanzia kileleni hadi bondeni, maana aina zilezile hurudia kila kilima kwa mpangilio uleule. Dunia nzima imelichukua neno lake. Ni wazo lililohitajika hasa mahali kama Njombe: kwenye ramani ya FAO na UNESCO ya 1:5,000,000, milimita moja ni kilomita 5, na ndani ya kilomita 5 za nchi hii unaweza kuvuka migongo na mabonde kadhaa.

Chini ya mnyororo huo kuna vinyungu, matuta ya bondeni yanayolimwa kiangazi wakati migongo imekauka. Udongo wake ni mweusi juu na kijivu chini, kwa kuwa maji yaliyotuama yamekiyeyusha chuma na kukiondoa, na pamoja nacho kile kifungo kilichoshika vijibonge. Ukiukanda hunata tangu kiganja cha kwanza. Wafinyanzi wa vyungu, walioupa mfinyanzi jina, huchimba bondeni, wakauacha ule mwekundu wa mgongoni kwa wachoma matofali.