Bruda ya Umeme Kasulu na Kibondo: Waya, Balbu na Mahali pa Kihisi

Kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35. Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi hupenya hadi bandani. Jiko la mkaa hupasha, lakini hewa yake ya sumu huua vifaranga, na huweza kumuua hata anayewachunga. Tangu gridi ya Taifa ilipofika huku mwaka 2022, umeme ndio njia ninayoitetea ya kupasha bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga, mradi fundi aufunge inavyopaswa.

Chukua balbu mbili za kizamani, ya wati 60 na ya wati 100. Zikiungwa sambamba, kila moja hupata volti 230 zake, na moja ikiungua nyingine huendelea kuwaka. Zikiungwa mfululizo hugawana volti, na hapo ndipo wengi hushangaa: ile ya wati 60, kwa kuwa ukinzani wake ni mkubwa, ndiyo hung'aa zaidi, na ya wati 100 hufifia. Upande uliopangiwa joto kali hupoa. Ikiungua moja saa nane usiku, bruda nzima inazimika. Balbu za LED ziacheni sebuleni. Joto lake ni dogo mno.

Tatizo la pili ni umeme kupungua nguvu. Joto la kipashio hufuata mraba wa volti, hivyo volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, hubaki takriban asilimia 76 tu ya nguvu yake. Kwa hiyo fungeni wati za ziada, kisha themostati ndiyo iwashe na kuzima.

Themostati nayo haiwezi kuwa na akili kuliko mahali kihisi chake kilipo. Kikining'inia chini ya balbu, hukata umeme mapema na vifaranga wa pembeni hupigwa na baridi. Kikiwa karibu na mlango, balbu haizimiki. Kiwekeni usawa wa mgongo wa kifaranga, katikati ya balbu na ukingo wa duara la bruda.

Wafugaji wa nyoka na mijusi huko Ulaya na Marekani hulaza utepe wa kupasha joto chini ya upande mmoja wa kasha, ili mnyama achague pa kukaa. Bruda nzuri hufuata kanuni hiyohiyo: katikati moto, pembeni nafuu, na kila sehemu ibaki na joto lake hadi asubuhi. Vifaranga wakilundikana chini ya balbu, wana baridi. Wakiikimbia huku wakitweta, wamezidiwa na joto.

Kabla ya kuagiza vifaranga, washeni bruda usiku kucha, mpime katikati na ukingoni, alfajiri hasa.