Wati 230 katika hewa ya Nyumba ya Mungu

Karibu kila kipimo cha kipozeo cha prosesa tunachosoma kimefanyika katika chumba chenye nyuzi 20 hadi 25. Kilete kipozeo hicho hicho ukingoni mwa bwawa la Nyumba ya Mungu mwezi Februari, ndani ya fremu ya duka iliyoezekwa bati bila dari, na hewa inayoingia kwenye feni itakuwa na nyuzi 35. Nyuzi hizo kumi na kitu za ziada ni nyingi kuliko zile zinazotenganisha kipozeo cha dola 40 na kile cha dola 150. Kwa hiyo nitaanza na hewa, kisha wati, na majina ya kampuni yatasubiri.

Bwawa liko takriban mita 690 juu ya usawa wa bahari, magharibi mwa milima ya Upare, upande ambao milima imeukinga unyevu unaotoka baharini. Kikuletwa na Ruvu zinaingia hapo, mto unaotoka ndio Pangani, na mitambo ya umeme ya megawati 8 ilianza kazi mwaka 1968. Watu wa ukanda huu, kuanzia vijiji vya wavuvi hadi Mwanga na Same, wanahitaji kompyuta kwa kazi zile zile za kwingineko: steshenari, picha za pasipoti, video za harusi na za kwaya. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoitesa prosesa. Kurenda video ya saa mbili kunaiweka prosesa kwenye kazi nzito mfululizo kwa muda mrefu, bila nafasi ya kupumua.

Kipimo ninachokiamini ni kimoja. Chukua joto la prosesa, toa joto la hewa inayoingia kwenye feni ya kipozeo, kisha gawanya kwa wati zinazotumika. Jibu ni nyuzi ngapi zinapanda kwa kila wati, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo kipozeo kilivyo bora. Uzuri wake ni kwamba namba hiyo haibadiliki sana ukihama chumba. Kinachobadilika ni hewa, na joto la hewa linajumlishwa juu yake lote, bila punguzo.

Tuchukue AMD Ryzen 9 7950X, prosesa ambayo wahariri wengi wa video wanaitamani. Kikomo chake cha umeme ni wati 230 na kikomo cha joto ni nyuzi 95. AMD yenyewe ilieleza kwamba nyuzi 95 si hatari bali ni kiwango ambacho prosesa hiyo imeundwa kukifikia ikipewa kazi nzito. Ikifika hapo inajipunguzia umeme, na kasi inashuka pamoja nao. Swali basi si kama itafika 95. Itafika. Swali ni hili: ikiwa hapo, inabaki na wati ngapi za kufanyia kazi?

Tuseme njia nzima ya joto, kuanzia kwenye silikoni hadi kwenye hewa, inapandisha nyuzi 0.32 kwa kila wati. Katika chumba cha nyuzi 22 kuna nafasi ya nyuzi 73, sawa na wati 228, karibu zote inazoruhusiwa. Sasa njoo bwawani: chumba nyuzi 35, na kadi ya michoro inaongeza nyuzi tano ndani ya kasha. Hewa inayofika kwenye kipozeo ina nyuzi 40, nafasi iliyobaki ni nyuzi 55, na wati zinashuka hadi 172. Robo nzima ya umeme imepotea, na kipozeo hakina kosa lolote. Ukinunua kingine kilicho bora, chenye 0.30, unapata wati 183. Umelipa pesa nyingi kurudisha wati 11 kati ya 56 zilizochukuliwa na hewa.

Kwa nini kipozeo cha bei ya juu kisirudishe zaidi? Hapa inafaa kuingia ndani ya chuma chenyewe.

Mirija ya shaba inayopanda kutoka kwenye kitako cha kipozeo si shaba tupu. Ndani yake mna maji kidogo sana, hewa imeondolewa, na ukuta wa ndani una tabaka la unga wa shaba uliochomwa ukashikana, wenye vitundu vidogo. Kwa kuwa shinikizo humo ni dogo, maji yanachemka kwa joto lililo chini sana ya nyuzi 100. Mvuke unakimbilia juu kwenye mapezi ya alumini, unaacha joto lake huko, unageuka tena maji, na vile vitundu vinayanyonya kuyarudisha chini. Hakuna pampu wala kitu kinachozunguka. Richard Gauger wa General Motors alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1944, na mwaka 1963 George Grover wa maabara ya Los Alamos akalifufua na kulifanyia kazi kwa ajili ya vyombo vya anga. Mrija wa namna hii unapitisha joto mara nyingi zaidi ya fimbo ya shaba yenye unene ule ule, na ndio uliofanya kipozeo cha hewa kiwe na mapezi marefu yaliyo mbali na prosesa.

Lakini joto kabla ya kuufikia mrija limeshapita pembamba. Ndani ya 7950X kazi kubwa inafanywa na vipande viwili vya silikoni, kila kimoja kikiwa na takriban milimita za mraba 71, eneo dogo kuliko ukucha wa dole gumba. Zaidi ya wati moja inatoka katika kila milimita ya mraba. Juu ya vipande hivyo kuna kifuniko cha chuma, nacho ni kinene kwa sababu AMD ilitaka vipozeo vya soketi ya zamani ya AM4 viendelee kutoshea kwenye soketi mpya ya AM5. Sehemu kubwa ya ile 0.32 inaliwa hapo, kati ya silikoni, kifuniko na pasti inayopakwa chini ya kipozeo. Kipozeo cha dola 150 na cha dola 40 vinaikuta sehemu hiyo ikiwa sawa sawa, na vinashindania kilichobaki.

Huwa nasikia watu wakilaumu mwinuko, kwamba hewa ya bara ni nyepesi na feni haipati cha kusukuma. Ni kweli, ila si kwa kiasi kinachodhaniwa. Bwawani, kwa nyuzi 35, mita ya ujazo ya hewa ina takriban kilo 1.06, wakati vitabu vinahesabu 1.2 usawa wa bahari kwa nyuzi 20. Feni ikipitisha mita ya ujazo moja na nusu kwa dakika huku ikibeba wati 230, hewa itatoka ikiwa imepanda nyuzi 8.6 badala ya 7.6. Nyuzi moja tu. Ipandishe kompyuta hiyo hiyo Usangi, juu milimani, ambako hewa ni nyepesi zaidi lakini chumba kina nyuzi 24, na itafanya kazi kwa raha kuliko bwawani. Hewa nyepesi inagharimu kidogo. Hewa ya moto ndiyo inayogharimu.

Halafu kuna vumbi, na hili ndilo linalotenganisha kipozeo kizuri kwenye karatasi na kizuri Nyumba ya Mungu. Maji ya bwawa yakipungua, tope la ukingoni hukauka na kuwa unga mwepesi. Ng'ombe na mbuzi wanaoshuka kunywa wanautimua, na upepo wa tambarare unaumalizia. Juu yake kuna moshi wa mabanda wanakobanika perege na kambale, moshi wenye mafuta. Fungua vibano vya waya, toa feni ya mbele, utaona kitu ambacho kwa nje hakionekani: blanketi la kijivu limelala kwenye kingo za mapezi, nene zaidi mahali palipokabili mapanga ya feni, na katikati kuna duara safi ambapo kitovu cha feni hakisukumi hewa. Blanketi la vumbi kavu hupulizwa likaruka. Hili lenye mafuta ya samaki linashika, linataka brashi laini, na yale mapezi yakiwa yamebanana sana brashi haiingii.

Kwa sababu hiyo naangalia nafasi kati ya mapezi kabla ya idadi ya mirija. Noctua NH-D15, iliyotoka mwaka 2014, ina minara miwili, mirija sita na feni mbili za milimita 140. Mrithi wake wa mwaka 2024, NH-D15 G2, ana mirija minane na eneo kubwa zaidi la mapezi lililobanwa katika ujazo unaokaribia ule ule, na alizinduliwa kwa dola 149.90. Katika maabara safi G2 ni bora, sina ubishi. Kando ya banda la samaki, ningechukua ile ya zamani kabla ya mpya. Noctua wana pia NH-P1 ya mwaka 2021, isiyo na feni kabisa, yenye mapezi manene yaliyoachana sana. Kwa prosesa ya wati 65 ya steshenari, NH-P1 ikiongezewa feni moja ya mwendo wa pole ni chaguo zuri mno kwa mazingira ya vumbi, ingawa kwa mhariri wa video haitoshi.

Upande wa bei ya chini wapo Thermalright. Peerless Assassin 120 SE ina mirija sita na feni mbili za milimita 120, Phantom Spirit 120 SE ina mirija saba, na zote huuzwa kwa dola 35 hadi 40 huko nje. Zinaikaribia NH-D15 kiasi kwamba tofauti ya bei ni vigumu kuitetea kwa joto peke yake. Inatetewa na ukimya kwa anayerekodi sauti ya kwaya chumba hicho hicho, na feni zenye dhamana ya miaka sita. Kama hurekodi sauti, nunua Thermalright na kwa sehemu ya pesa iliyobaki ongeza feni mbili za akiba. Feni ya milimita 120 ni kipimo cha kawaida. Ikifa katikati ya msimu wa harusi unabadilisha kwa bisibisi na kuendelea.

Hapo ndipo vipozeo vya maji vinaponishinda kuvipendekeza. Vinapoza vizuri, lakini pampu ikifa hakuna cha kubadilisha isipokuwa kifaa kizima, na Kariakoo ni mbali.

Hatua iliyo na faida kuliko zote haiuzwi dukani. Ingia kwenye BIOS, weka hali ya kubana umeme ya wati 105, na kikomo halisi cha 7950X kinashuka kutoka 230 hadi 142. Sasa hesabu inasema nyuzi 55 kwa wati 142, yaani 0.387 kwa kila wati, kiwango ambacho kipozeo cha dola 40 kinakifikia mchana wa Februari na akiba inabaki kwa ajili ya vumbi. Kasi haishuki kwa kiwango ambacho umeme unashuka, maana wati za mwisho mwisho ndizo zinazoleta kasi kidogo kuliko zote. Na anayetegemea sola na betri atazihisi wati hizo 88 kila zinapobaki.

Kabla ya kulipa, pima kasha. NH-D15 ina kimo cha milimita 165, G2 168, Peerless Assassin 155, na makasha mengi ya bei nafuu yanaishia 160. Angalia pia urefu wa rami, kwa kuwa feni ya mbele hukaa juu yake. Wenye Dell OptiPlex au HP EliteDesk zilizotumika, zile zinazojaa madukani, wasiagize mnara wowote bila kufungua kasha kwanza: nyingi ni fupi, matundu ya skrubu hayafuati kipimo cha kawaida, na kwa baadhi plagi ya feni ni ya kampuni yenyewe.

Kusafirisha kutoka Moshi kuna utaratibu wake. Kasha lilazwe ubavu, ubao mama ukiwa chini na kipozeo kimesimama juu yake, ili uzito wa kilo moja na zaidi ukandamize ubao badala ya kuuvuta kwa kila shimo la barabarani. Likifika, feni mbili za mbele ziingize hewa kupitia kichujio na moja tu ya nyuma iitoe, ili vumbi lisivutwe kupitia nyufa. Gereji ya pikipiki yenye kompresa inafaa kwa usafi, mradi maji yatolewe kwanza kwenye mtungi na feni ishikwe kwa kidole isizunguke.

Kipimo cha kwanza kifanyike saa tisa alasiri, si asubuhi. Renda kwa nusu saa, kipimajoto kikiwa mbele ya kasha, uandike wati, joto la prosesa na joto la chumba. Namba hizo na tarehe zibandikwe ndani ya kifuniko cha kasha. Siku tofauti kati ya prosesa na chumba itakapoongezeka kwa nyuzi sita au saba kwa wati zile zile, fundi aanze na brashi, na isiposhuka, abadilishe pasti.