Sauti za Kati: Hon, Baritoni na Yufoniamu Kyuso

Bendi ya matarumbeta ikipita, macho ya watu hufuata koneti zilizo mbele na besi lile kubwa linalomficha mpigaji wake. Katikati yao kuna vyombo vitatu ambavyo wachache huvijua kwa majina: hon ya teno, baritoni na yufoniamu. Kijana anayejiunga na bendi, awe Kyuso, Ukambani, au Kakamega, huenda akakabidhiwa kimojawapo kwa sababu tu ndicho kilichobaki kabatini, naye akadhani amepewa makombo. Mimi naona amepewa mahali pazuri kuliko pote pa kuanzia.

Tuanze na hon ya teno, maana ndiyo inayodharauliwa zaidi. Hukumbatiwa kifuani, mdomo wake mpana ukielekea juu. Bomba lake likikunjuliwa lote hufika kama mita 2, na sauti yake haina ukali wa koneti wala uzito wa besi. Ni sauti ya mtu anayezungumza. Baritoni na yufoniamu zina mabomba marefu zaidi, kama mita 2.7 kila moja, na noti zao ni zile zile. Mgeni huzichanganya. Tofauti iko katika unene: bomba la baritoni ni jembamba, kwa hiyo sauti hutoka safi na nyepesi, la yufoniamu hupanuka mapema na kuendelea kupanuka, na sauti yake hujaa chumba bila kupiga kelele. Yufoniamu nyingi pia huwa na vali ya nne. Wapigieni wanagenzi noti moja kwa vyombo hivi viwili, wafumbe macho, na hawatavikosea tena.

Jamii hii ya vyombo ilipata umbo lake Ulaya katika miaka ya 1840, Adolphe Sax akiwa mmoja wa mafundi wake wakubwa mjini Paris. Jeshi la Wokovu, lililopata bendi yake ya kwanza mwaka 1878 kupitia familia ya Fry wa Salisbury, Uingereza, lilivisambaza duniani, na lilianza kazi Kenya mwaka 1921. Lakini Afrika Mashariki haikungoja kufundishwa na kanisa peke yake. Beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, ilikuwa imeshashika pwani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vikundi vya Mombasa na Lamu vikishindana kwa gwaride na sare, na baadaye vyama vya beni vya Marini na Arinoti vikashindana Tanganyika. Wakamba nao walijaa katika kikosi cha King's African Rifles, ambako siku iliamka kwa parapanda na kufungwa kwa parapanda. Ukambani kukawa na mbeni, ngoma ya vijana yenye filimbi na sarakasi. Anayedhani vyombo vya shaba ni vitu vigeni upande huu hajauliza wazee.

Sasa mwanagenzi ameketi. Siku za kwanza hapigi wimbo wowote. Anatetemesha midomo ndani ya kipande cha mdomoni pekee, bila chombo, hadi atoe mlio usiokatika. Kisha anakichomeka, na bila kubonyeza vali hata moja anatafuta do ya chini, halafu so, do ya juu, mi, so. Noti tano bila kidole kusogea! Ni midomo na pumzi tu. Mtu anayejifunza koneti hutaabika hapa, kwa kuwa tundu la kipande chake cha mdomoni ni dogo na midomo huchoka upesi. Tundu la hon ni pana kidogo, la yufoniamu pana zaidi, na midomo michanga hupata pa kukaa. Ndiyo maana nasema ni mahali pazuri pa kuanzia.

Vali nazo zina mantiki inayofurahisha. Ya pili hushusha sauti nusu hatua, ya kwanza hatua nzima, ya tatu hatua moja na nusu. Katika bendi za mtindo wa Kiingereza, koneti, hon, baritoni, yufoniamu hata besi husoma muziki kwa namna moja, na vidole ni vile vile. Anayejua hon anaweza kuhamia besi Jumapili ijayo. Kinachobaki ni midomo kuzoea. Kwa kijana wa Kyuso kuna urithi mwingine: ameimba solfa tangu shule ya msingi. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, na kwaya za makanisa zimewalea waimbaji wa alto na teno wasiohesabika. Hao tayari wanajua kukaa katikati, kushika sauti yao huku soprano ikiwavuta juu. Mpe mwimbaji wa alto hon ya teno, atajikuta nyumbani.

Jambo ninalolistahi kuliko yote ni kazi ya hon katika muziki wa gwaride. Besi hupiga kwenye pigo, hon hujibu kati ya pigo na pigo. Besi, hon, besi, hon. Ukiitazama karatasi ya hon utaona vituo vya kimya na noti fupi tu, ukurasa mzima, na utamhurumia mpigaji. Msikilize basi. Akichelewa kidogo, gwaride zima linaburuta miguu. Akiwahi, wote wanakimbia. Lazima apumue ndani ya kituo, aweke ulimi tayari, aachie noti fupi lakini nene, na arudie hivyo mara mia bila kuchoka moyoni. Aliyekulia mahali ngoma za kilumi za Wakamba zinapoitikiana hahitaji kuelezwa kwamba uhai wa mdundo uko kwenye jibu.

Na Kyuso ina masharti yake. Vumbi la barabarani huingia kila mahali, na chembe moja ya mchanga ikikaa kati ya pistoni na kasha lake, vali hukwama katikati ya wimbo. Mpigaji makini hufungua kifuniko cha juu, anachomoa pistoni taratibu bila kuipinda, anaipangusa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, anaitazama kwenye mwanga, anatia matone machache ya mafuta ya vali, kisha anairudisha akihakikisha namba iliyochongwa juu yake inalingana na tundu lake. Pistoni ya kwanza ikikaa mahali pa pili, pumzi haipiti. Joto la mchana nalo hupandisha sauti ya shaba, hivyo bomba la kusawazishia huvutwa nje kidogo, na asubuhi ya baridi hurudishwa ndani. Kuosha chombo chote huhitaji beseni la maji ya uvuguvugu, si ya moto, na mahali ambapo mtungi wa maji una thamani kubwa, kazi hiyo hupangwa mapema. Kwa siku za kawaida, kupiga mswaki kabla ya kukishika chombo huokoa maji mengi.

Kwenu viongozi wa bendi na kwaya: msimpe hon mtoto mnayemwona dhaifu ili apoteze muda. Mpeni mwenye sikio zuri na subira, mwelezeni kazi yake ni ipi, na mara moja moja mpeni wimbo aubebe yeye. Nawe msomaji, bendi ikipita tena, acha koneti zipite kwanza, kisha sogea upande ule wa hon usikilize.