Kijiko Ndani ya Kikombe

Mtu akiniomba muvi ya kutisha, huwa namuuliza kwanza: unataka kushtuka au unataka kuogopa? Wengi hudhani nacheza na maneno. Kushtuka ni kazi ya sekunde moja. Mlango unafunguka ghafla, muziki unalipuka, shoka linatua, damu inaruka ukutani, unapiga kelele, halafu unacheka na kurudia bisi zako. Kuogopa kunakuja polepole na hakuishi muvi ikiisha. Hapa Kericho nimeona watu wazima wakiangua kicheko mtu akikatwa kichwa kwenye skrini, na wasee hao hao wakiomba kusindikizwa chooni baada ya muvi ambayo kwa saa nzima haikuonyesha hata mkwaruzo.

Hizo za pili ndizo ninazotaka kuzisifia.

Kuna sababu kwa nini hazikutufikia mapema. Wengi wetu tuliokulia huku kwenye majani chai tulijua sinema kupitia vibanda vya video, na kibandani muvi haikuachwa ijisemee. Kulikuwa na DJ. DJ Afro na wenzake walichukua muvi za Kichina, za Kihindi na za Hollywood wakazisimulia upya kwa Kiswahili na Sheng, wakawapa mashujaa majina ya mtaani na tabia za majirani zetu. Uganda walikwenda mbali zaidi. Katika Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana, iliyotengenezwa Wakaliga jijini Kampala mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie ni sehemu ya muvi yenyewe, na damu ya bandia inamwagika kiasi kwamba hakuna anayeiamini wala anayetakiwa kuiamini. Nazipenda kazi hizi na sitaki mtu azidharau mbele yangu. Lakini msimulizi havumilii kimya. Kwake kimya ni shimo la kujazwa. Mwanamke anasimama kwenye korido usiku, anautazama ukuta, nusu dakika inapita bila neno: mpe DJ hiyo nusu dakika, atakwambia mama ameona panya, kibanda kizima kitacheka, na muvi itakuwa imekufa.

La kushangaza ni kwamba nyumbani tulikuwa na hadithi za kimya kitambo. Kogo akisimulia habari za chemosit, yule mwenye mguu mmoja, nusu mtu nusu ndege, mdomo wake mwekundu unaowaka gizani kama taa, hakuanza na meno wala makucha. Alianza na wimbo. Usiku, karibu na boma, kuna mtu anaimba msituni. Watoto wanasikia, wanaona mwanga kwa mbali, wanadhani kuna ngoma, mmoja anatoka kwenda kuangalia. Kisha kogo aliinuka akasukuma kuni mekoni. Hakuwahi kutuambia mtoto alifanywa nini. Sisi ndio tuliomaliza hadithi, kila mtu kivyake, chini ya blanketi.

Kwa kipimo hicho cha kogo, muvi ninayoiweka mbele ya zote ni Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017. Najua wengi wenu mmeiona. Itazameni tena, safari hii kama watu wa nchi ya chai.

Chris, kijana Mweusi mpiga picha, anakwenda kutembelea wazazi wa mpenzi wake Mzungu. Ukiacha dakika chache za mwanzo, kwa muda mrefu hakuna anayemtishia. Wanamkaribisha, wanamkumbatia. Baba mtu anajisifu kwamba angempigia Obama kura hata mara ya tatu, na sisi ambao Kogelo tunaiona kama hapo nyuma ya mlima tunajikuta tukitabasamu naye, jambo ambalo bila shaka Peele alilitaka. Kisha usiku mama wa nyumba anamketisha Chris kwenye kiti, ameshika kikombe cha chai. Anakoroga. Kijiko kinazunguka, kinagusa ukingo, kinazunguka. Anamuuliza kwa upole habari za mamake aliyefariki. Ndani ya dakika chache Chris hawezi kusogeza hata kidole, machozi yanamtiririka, na anazama kwenye giza lisilo na chini, akiyatazama maisha yake kwa mbali kupitia kidirisha kidogo.

Silaha yote ni kikombe na kijiko. Mtu wa mji mwingine ataliona hilo kama wazo la kijanja. Mimi naishi mahali ambapo sauti ya kijiko kikombeni ndiyo sauti ya kukaribishwa. Hapa mgeni haondoki kabla ya chai, na kuikataa ni kumtukana mwenye nyumba. Peele ameichukua adabu, akaigeuza kamba. Chris anafungwa kwa sababu ni mgeni mwenye heshima, hataki kuonekana mshari, na kila mara moyo wake unapomwambia kuna kitu hakiko sawa, adabu inamjibu kwamba labda anazidisha.

Na onyo tulipewa sisi kabla yake. Wimbo wa mwanzo wa muvi hiyo, uliotungwa na Michael Abels, ni wa Kiswahili: Sikiliza Kwa Wahenga. (Mtaani tungesema wasikilize wahenga, lakini tusimbane sana mtunzi.) Mtazamaji wa Marekani anasikia sauti za ajabu za kunong'ona, anayejua Kiswahili, akitega sikio, anasikia watu wakimwonya Chris. Naye Chris mwenyewe ni Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London mwenye wazazi Waganda, na uso wake ndio unaobeba muvi. Mtazame anavyotabasamu hali macho yamekataa. Mwishoni damu ipo, sitawadanganya, lakini inapofika unapumua. Ndiyo maana nasema damu ni pumziko. Kabla ya hapo hukuwa na la kufanya na hofu yako.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu muvi za damu zinatufundisha vibaya mahali pa kuangalia. Zinatwambia hatari huvaa barakoa na kubeba msumeno. Februari 2023, BBC Africa Eye na Panorama walitoa uchunguzi kuhusu mashamba ya chai ya hapa kwetu. Zaidi ya wanawake 70 waliwaambia kwamba walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao, kwenye mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni za Unilever na James Finlay. Mwanahabari mmoja mwanamke alijifanya anatafuta kazi huku amebeba kamera ya siri, na usaili ukamfikisha kwenye chumba cha hoteli. Siiweki filamu hiyo kwenye orodha ya burudani, na atakayeitazama kwa kujiburudisha ana shida yake. Lakini niliitambua lugha yake. Sauti ya upole, mlango uliofungwa, na mtu ambaye hawezi kusema hapana kwa sababu anahitaji kazi. Nje ya dirisha, kijani kile kile cha kadi za posta. Ilipotoka, watu wa nje walishangaa. Hapa wengi hawakushangaa, na hilo la kutoshangaa ndilo lililoninyima usingizi. Sisi sote tulikuwa tumekaa kwenye kile kiti cha Chris, tukitazama kupitia kidirisha.

Tuendelee. His House ya Remi Weekes, 2020, iko Netflix, na inajibu swali ambalo kila mtu huuliza akitazama muvi ya nyumba yenye mapepo: si wahame tu? Bol na Rial wametoroka vita Sudan Kusini, wamevuka bahari, wamempoteza mtoto njiani. Uingereza inawapa nyumba chafu na masharti: wasihame, wasifanye kazi, la sivyo huenda wakarudishwa walikotoka. Kwa hiyo usiku kitu kinapoanza kutembea ndani ya kuta, hawawezi kumwambia yeyote wala kwenda popote. Kwao ofisi ya wahamiaji inatisha kuliko mzimu. Sijaona muvi nyingine iliyofunga mlango kwa ufunguo mzuri hivyo.

Kilicho ukutani ni apeth, mchawi wa usiku, na muvi inamchukulia kwa uzito kama watu wa kwao wanavyomchukulia. Hakuna profesa Mzungu wa kuja na kitabu kumweleza. Ila matukio yaliyonibana zaidi hayana apeth ndani yake. Bol anataka wale mezani kwa uma, Rial anakaa chini na kula kwa mkono, na unaona ndoa ikipasuka juu ya sahani moja. Au pale Rial anapopotea katikati ya nyumba zinazofanana, anawaona vijana Weusi, anafurahi amepata watu wake, nao ndio wanaomwambia arudi Afrika. Mwishoni kiumbe kinapojionyesha sana, hofu yangu ilishuka. Weekes angemsikiliza kogo hapo. Lakini siri ambayo Bol na Rial wanafichana ni nzito kiasi kwamba ukiijua utairudia muvi yote kichwani, na mimi sitaisema.

Siri ndiyo inanileta nyumbani, kwa Kati Kati ya Mbithi Masya, ya 2016, iliyopata tuzo ya wahakiki wa FIPRESCI katika tamasha la Toronto mwaka huo. Haifiki saa moja na nusu. Kaleche, anayeigizwa na Nyokabi Gethaiga, anajikuta nyikani amevaa gauni la hospitali, hakumbuki chochote. Mbele yake kuna loji, watu wanacheka, wanaogelea, wanakula. Wanamweleza kwa ukarimu kabisa kwamba amekufa, kama wao.

Baadhi ya marafiki zangu wanakataa kuiita muvi ya kutisha. Wanataka kitu kiruke kutoka gizani. Sawa, lakini wametazama ikiwa mchana na jua limewaka, na bado mabega yao yalikuwa juu. Wafu wa Kati Kati hawawezi kuondoka mpaka kila mmoja akabiliane na alichokificha, na mmoja wao, mchungaji, amebeba jambo la ghasia za baada ya uchaguzi. Niliitazama na watu kama kumi hapa mjini kwenye laptop moja. Ilipofika sehemu yake, mazungumzo yalikatika. Mnajua tunavyoishi. Mwanzoni mwa 2008 kuna watu waliofukuzwa huku, nyumba zao zikachomwa, na mpaka wa Sotik na Borabu ukawaka. Kuna waliorudi. Leo wanasimama foleni moja kwenye kituo cha kupimia majani na watu ambao huenda waliwafukuza, na wanasalimiana, na wanaulizana habari za watoto. Hakuna aliyeniomba nisimamishe muvi usiku ule. Hakuna pia aliyeizungumzia ilipoisha. Tulizungumza kuhusu mvua.

Nyingine nitazipitia haraka. Us ya 2019 ni ya Lupita Nyong'o zaidi kuliko ya Peele. Anaigiza wanawake wawili wenye uso mmoja, na sauti ya yule wa pili, kama mtu anayevuta maneno kutoka kisimani, inatisha kuliko mikasi aliyoishika. Nusu ya kwanza ni bora sana. Nusu ya pili inajieleza kupita kiasi. A Quiet Place: Day One ya 2024 ina viumbe wanaowinda kwa kusikia, na Lupita tena, na paka. Hiyo itazame kwa hedifoni, au usiku ambao mvua haipigi mabati, maana Kericho mvua inaweza kukunyang'anya muvi nzima. Under the Shadow ya Babak Anvari, 2016, ni mama na binti mjini Tehran wakati wa vita, makombora juu na jini ndani ya nyumba. Watu wa Pwani watamtambua jini huyo kabla ya mama mwenyewe.

Ushauri wa kutazama ni mmoja tu: simu iwe mbali. Muvi hizi hufanya kazi yake katika zile sekunde ambazo mkono wako unataka kushika TikTok. Msee mmoja aliniambia His House ni ya kuboesha, kumbe alikuwa akijibu meseji nusu ya muda. Hakuna anayeweza kukuogopesha ukiwa hauko.

Na kama unataka ya mwisho, isiyo na mzimu hata mmoja, tafuta The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, ya 2019, ambayo Kenya iliipeleka kuwania Oscar. Ni ya kweli, si ya kubuni. Karisa, kijana anayeishi Mombasa, anagundua kupitia Facebook kwamba bibi yake, mwenye zaidi ya miaka 90, anaitwa mchawi. Anapanda gari kwenda Kilifi kujua nani amesema. Kule wazee wameuawa kwa tuhuma kama hiyo, mara nyingi nyuma yake kuna shamba. Karisa anakwenda nyumba kwa nyumba, anapewa kiti, anaketi na wajomba na shangazi, wote wanampenda, wote wanamwombea, na wewe unazitazama nyuso moja moja ukijua kwamba mmoja kati yao ameandika ile barua. Bibi mwenyewe anachukua jembe na kwenda shambani. Itazame na mtu wa kwenu.