Meza ya Vitabu: Namna ya Kuitambua Iliyo Njema

Mji wetu wa Kasongo na nchi inayouzunguka vimeandikwa na wengi, na wengi wao walikuwa wapita njia. David Livingstone alikwama Kabambare kwa miezi mingi kati ya 1869 na 1871, mgonjwa na mwenye njaa ya habari. Karatasi zilipomwishia huku Maniema akawa anaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Kiingereza, kwa wino uliotokana na mimea ya hapa. Sidney Hinde, mganga katika jeshi la Leopold II, aliingia Kasongo Aprili 1893 pamoja na askari walioiteka, na mwaka 1897 akatoa kitabu juu ya vita hivyo. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeifanya Kasongo makao yake, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, lakini alipoandika alikuwa amekwisha kurudi Unguja.

Kwa hiyo mtu akitandika vitabu mtaani kwa siku mbili tatu, chini ya mwembe au kwenye baraza ya shule, na kumwalika mwandishi wa hapahapa aje asome, tusishangilie tu kwamba vitabu vimefika. Tuipime meza yake, kama tunavyopima mafuta ya mawese kabla ya kulipa. Idadi ya vitabu haisemi kitu. Meza njema ni ile inayompa mtu wa Kasongo nafasi ya kuhojiana na yaliyoandikwa juu yake, na kumtia hamu ya kuandika yake. Yafuatayo ni mambo ya kuangalia.

Anza na aliyekaa nyuma ya meza

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Vitabu vimeishinda methali hiyo. Kitabu kizuri kinaweza kulala mezani mwaka mzima bila kuguswa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia mpita njia kilichomo ndani. Ndiyo maana ustadi wa muuzaji unatangulia.

Kuna swali moja linalomfichua upesi: “Yaya, hapa kuna kitabu gani ambacho wewe hukukipenda?” Asiyesoma atajibu kwamba vyote ni vizuri. Aliyesoma atacheka, atachomoa kimoja, atakwambia wapi kilimchosha, kisha ataeleza kwa nini bado anakiuza: labda mwalimu fulani alikipenda, labda sura ya tatu peke yake inatosha kukinunua. Mtu wa namna hiyo unaweza kumwamini anaposema kingine ni kizuri.

Tazama pia kama naye anauliza. Hodari wa kazi hii hapendekezi kitu kabla ya kujua unasoma lugha gani kwa raha, unasoma saa ngapi, na nani mwingine nyumbani atakishika kitabu hicho. Mama anayemnunulia mtoto wa darasa la nne na mwanafunzi anayengoja mtihani wa taifa, Exetat, hawawezi kupewa jibu moja.

Kitabu na jirani yake

Hapa ndipo kazi inapoonekana. Kupanga vitabu kwa ukubwa, au kwa rangi ya jalada, kila mtu anaweza. Fundi hupanga kitabu karibu na kile kitakachogombana nacho.

Tuchukue kipimo kinachoifaa Kasongo kuliko vyote: Tippu Tip amewekwa wapi, na karibu na nani? *Maisha* yake aliyaandika kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayageuza kuwa herufi za Kilatini na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley alitoa Kiswahili hicho pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na mwaka 1974 François Bontinck akatoa tafsiri ya Kifaransa mjini Brussels. Kwa wasomaji wa Kasongo waliosoma shule ya Kifaransa na kuongea Kiswahili nyumbani, meza yenye matoleo ya Whiteley na Bontinck, hata kama ni nakala za kurudufu za kuazimisha tu, ni meza ya mtu aliyejitahidi.

Lakini kitabu hicho kisikae peke yake. Tippu Tip ni msimulizi mtamu na shahidi wa kutiliwa shaka. Humo anaeleza bila haya jinsi alivyomsadikisha mtawala mzee aitwaye Kasongo Rushie kwamba wao ni ndugu kwa upande wa bibi, hata akaachiwa utawala. Msomaji anacheka, na katika kucheka anasahau kwamba mali ya msimulizi ilikuwa pembe na watu. Wale watu waliozibeba pembe hawakuacha kitabu. Muuzaji mwerevu anajua pengo hilo, na analiziba kwa ujirani.

Upande mmoja atamweka Hinde, ili mshindi wa 1893 na bwana wa mji wa kabla yake wasikike pamoja na msomaji aone kwamba wote wawili walikuwa na sababu za kujisifu. Upande wa pili ataweka *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, katika tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Humo msafara wa biashara unaovuka ziwa unaonekana kwa macho ya Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Kwa msomaji aliyetoka kwenye *Maisha*, msafara ni uleule, ila sasa anautazama kutoka chini.

Ujirani huo pia usiishie karne ya kumi na tisa. Benoît Verhaegen alitoa mwaka 1969 juzuu nzima kuhusu Maniema katika kazi yake juu ya maasi ya Kongo. Mwaka 2011 makumbusho ya Tervuren yalitoa kitabu cha jimbo letu kilichoongozwa na Jean Omasombo. Ni vitabu vinene na ghali, wachache watavinunua. Nakala moja yenye alama za karatasi kwenye kurasa zinazotaja Kasongo na Kabambare, pamoja na ruhusa ya kuketi na kusoma, inatosha.

Lugha

Meza ya Kasongo yenye Kifaransa kitupu imewaacha nje watu wengi. Yenye Kiswahili cha Dar es Salaam na Unguja peke yake nayo ina dosari, maana msomaji wa Kingwana, Kiswahili cha kwetu, anaweza kujikwaa ukurasa wa kwanza akadhani ujinga ni wake. Muuzaji mzuri haongezi hotuba. Anakufungulia ukurasa wa katikati na kukuomba usome aya moja kwa sauti. Ukisoma bila kukwama mara nyingi, kitabu ni chako. Ukikwama, anakuletea tamthilia au hadithi fupi, ambamo mazungumzo yanakusaidia kuruka juu ya msamiati mgumu.

Kwa Kifaransa pia kuna ngazi. Zamenga Batukezanga aliandika kwa Kifaransa chepesi juu ya mambo ya ukoo, uchawi na maisha ya mjini, na kwa wengi ndiye mlango wa kuingilia. *Tram 83* ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, inataka msomaji aliyezoea kelele. Anayempa mtu *Tram 83* kama riwaya yake ya kwanza anatafuta sifa, hatafuti msomaji.

Na ukiona kwenye meza ile historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, iliyotungwa na André Yav mwaka 1965, mpe muuzaji mkono. Ni kijitabu kilichotoka kwa watu waliokuwa wakifanya kazi majumbani mwa wazungu, kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi, bila kungoja ruhusa ya kamusi. Johannes Fabian alikichapisha upya mwaka 1990 pamoja na maelezo. Kwa mwandishi wa Kasongo anayeona haya kuandika jinsi anavyosema, hakuna dawa inayozidi hiyo.

Kitabu mkononi

Sasa kishike. Tazama mgongo wake kwa juu. Ukiona karatasi zimekunjwa katika vifungu vidogo na uzi katikati ya kila kifungu, kimeshonwa, na kitawafikia wajukuu. Ukiona ukingo ulionyooka na gundi tupu, kifungue taratibu hadi katikati. Gundi iliyokauka kwa joto hulia, na kitabu kikilia dukani, nyumbani kitaachia kurasa.

Kurasa nyingi huchapwa katika vifungu vya 16 au 32. Makosa ya kiwanda kwa hiyo hutokea kwenye mipaka ya vifungu. Usihesabu zote: angalia ukurasa wa 16 unavyoingia 17, wa 32 unavyoingia 33, wa 48 unavyoingia 49. Kifungu kikirukwa au kikirudiwa utakijua kwa dakika moja.

Nakala ya kurudufu hujulikana kwa kivuli cheusi kando ya mgongo, maandishi ya kijivu na mistari iliyopinda upande mmoja. Kuiuza kama kitabu halisi ni udanganyifu. Kuuza nakala kama hiyo ya kazi ya mwandishi aliye hai bila yeye kujua ni wizi, hata kama bei ni ya huruma.

Mwisho, kinuse. Maniema ina mvua nyingi, na ukungu huanza na harufu kabla ya madoa ya kahawia. Kitabu kimoja chenye ukungu huambukiza vilivyobanana nacho. Muuzaji makini huinua vitabu kutoka ardhini kwa sababu ya mchwa, ana turubai tayari, na usiku hafungi vitabu vibichi ndani ya plastiki.

Mwandishi wa hapa

Mwandishi wetu mara nyingi ni mwalimu, katekista, shehe au karani mstaafu, na kitabu chake ni kurasa sitini zilizopigwa kwenye kompyuta ya mtu na kubanwa kwa pini. Hilo si aibu. Nairobi, duka la Nuria limejijengea jina kwa waandishi wanaojichapishia wenyewe, na Dar es Salaam, mkahawa wa vitabu wa Soma umewakutanisha waandishi na wasomaji wao kwa miaka mingi. Ila kumhurumia mwandishi kwa kuwa ni wa kwetu ni kumdharau.

Kama ameandika historia ya ukoo, iwe wa Wakusu, Wazimba au Wabangubangu, angalia kama ametaja wazee waliomsimulia. Angalia kama palipo na masimulizi mawili ameyaweka yote mawili, au amechagua linaloupa ukoo wake kiti. Historia isiyo na mtu wa upande wa pili ni barua ya madai ya ardhi iliyovaa jalada.

Kikao chenyewe cha mwandishi kusoma kina vipimo vyake. Kianze baada ya alasiri na kimalizike kabla ya magharibi, ili watu wasali na mwanga utoshe bila jenereta. Mwandishi asome robo saa, si zaidi, na atakayemkaribisha asizungumze kumpita. Wazee wakae mbele kama heshima inavyotaka, lakini swali la kwanza litoke nyuma, kwa vijana na kwa kina mama, kwa kuwa baada ya mzee kusema wengi watanyamaza.

Kuna dakika moja inayotofautisha mwenyeji hodari na mshereheshaji. Ni pale mtu anaposimama na kusema: “Samahani Mwalimu, babu yangu hakusimulia hivyo.” Mshereheshaji huingiwa na hofu na kuomba makofi. Mwenyeji hodari huchukua daftari, huandika jina la huyo babu, kijiji chake na alichosimulia, na kumkabidhi mwandishi ukurasa huo kwa ajili ya chapa ya pili. Kikao kilichozaa ukurasa kama huo kimefanya kazi, hata kama nakala zilizonunuliwa ni chache.

Fedha

Bei iandikwe, kwa franka, ili asiyejua kupatana asilipe zaidi ya anayejua. Mwandishi apewe sehemu yake siku ileile, mbele ya mtu, na nakala zilizobaki zihesabiwe wote wakiwapo. Kuwe na njia ya kuazima kwa malipo madogo na jina kwenye daftari, kwa kuwa kitabu kinachosomwa na watu kumi kina faida kwa mtaa kuliko kinachofungiwa kabatini na mmoja. Vitabu vya itemi za Exetat viwepo, maana ndivyo vinavyolipia usafiri wa vingine. Vikizidi nusu ya meza, ujue umefika kwenye duka la vifaa vya shule.

Ukimaliza kupima yote haya na bado unasita, muulize muuzaji atarudi lini. Meza ya kweli ina tarehe inayofuata, ina orodha ya vitabu ambavyo watu waliviomba na havikuwepo, na ina mwandishi mwingine wa hapa ambaye ameshaambiwa aanze kuandaa kurasa zake. Asiye na vitu hivyo vitatu anauza shehena aliyoipata. Mwenye navyo, mnunulie hata kijitabu kimoja, ili nauli ya kurudi isimlaze Kindu au Bukavu.